Mama Mkwe Atakulia Wapi

Nitaanza na malalamiko, maana ndiyo niliyonayo kwa wingi. Katika filamu za anga anazozipenda binti yangu, hakuna mtu anayepika. Nimezitazama nyingi kuliko nilivyotaka, Jumapili mchana, nimekaa kwenye kochi na miguu imevimba kwa kukanyaga cherehani wiki nzima, na kila mara ni yale yale. Watu wanaamka kutoka kwenye usingizi mrefu ndani ya chombo kinachoelea gizani, wanajinyoosha, wanatafuta soksi, halafu wote wanakutana mezani. Na chakula kipo tayari. Kuna trei, kuna uji wa rangi ya kijani, kuna vikombe vinafuka moshi. Wanakula, wanataniana, mmoja anachekwa ndevu zake. Kisha kengele inalia, wanakurupuka wote, na vyombo vinabaki pale pale mezani. Nani anaviosha? Binti yangu anasema, Mama, hizo ni siku zijazo, vinajiosha vyenyewe. Mimi namjibu kwamba kama siku zijazo ndiyo hizo, basi zifanye haraka, maana sahani za jana bado ziko kwenye beseni.

Tunakaa Turffontein, Johannesburg, nyuma ya nyumba ya mtu. Tuna chumba kimoja cha kulala na kingine kikubwa ambacho ni jiko, ni sebule, na ni mahali wanapolala mama yangu na binti yangu. Siku za mashindano ya farasi tunasikia kipaza sauti cha uwanjani kikipayuka majina ya farasi mpaka unayajua kama ya majirani. Mume wangu ni mlinzi wa zamu ya usiku kwenye geti la jumba la maofisi. Anarudi asubuhi mimi nimeshaondoka, analala mchana kutwa, na anatoka jioni mimi niko njiani narudi. Nashona mapazia na mabaibui kwenye duka moja Fordsburg. Kuna wiki tunaonana Jumapili tu, na hata hiyo Jumapili mmoja wetu anasinzia.

Binti yangu yuko mwaka wa mwisho wa shule. Alizaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini akifungua mdomo kinatoka Kiingereza au Kizulu, na Kiswahili kidogo cha kubabaisha anapokuwa na shida. Yeye amempa bibi yake jina la Gogo, kama watoto wote wa mtaa wanavyowaita bibi zao. Huyo Gogo, yaani mama yangu, alitufikia mwaka jana kutoka Uvira, kwetu kando ya ziwa, vita vilipomfuata mpaka mlangoni kwake. Alishuka kwenye basi akiwa na mfuko mmoja wa plastiki, na ndani ya mfuko kulikuwa na ndagala waliokaushwa, eti nisikose samaki wa ziwa letu. Nililia pale pale stendi. Yeye akaniambia nisimwaibishe mbele ya watu.

Sasa lazima nieleze jambo, maana bila hilo mengine hayatashikika. Kwetu, kwenye milima iliyo juu ya ziwa, mama mkwe na mkwe wake hawali pamoja. Si kwamba wanachukiana. Mkwe akimwona mama mkwe njiani, anampisha na kuangalia chini. Wanasalimiana kwa mbali, kwa sauti ya chini, kwa maneno ya adabu. Lakini kuonana mdomo ukitafuna ni aibu, sawa na kuonana unaoga. Inakuwa hivyo mpaka haya itolewe. Wazee wa pande zote mbili wanakaa, mbuzi anachinjwa, pombe ya ndizi inamiminwa, na mkwe anamfikishia mama kipande cha nyama kwa mkono wa shangazi. Kuanzia siku hiyo wanaweza kula chini ya paa moja.

Sisi tulioana hapa Johannesburg, mbele ya mchungaji na mashahidi wawili tuliowaombaomba, mama yangu akisikiliza kwa simu iliyokuwa inakatikakatika. Haya haikutolewa, na wala hatukuiwaza. Nani angewaza kwamba mama huyo atakuja kulala upande wa pili wa ukuta wa chumba cha mkwe wake, tena mlango wenyewe hauna ubao?

Mimi niliwaza pazia. Mimi ni fundi, dawa yangu ya kila kitu ni kitambaa. Nilichagua kile kizito, cha aina wanayonunua wenye hoteli, nikakitia bitana mara mbili, nikakitundika kwenye nafasi ile ya mlango kikagusa sakafu. Hata mwanga haukupita. Mume wangu akawa upande wake, mama upande wake, nami nikawa nimemaliza kazi. Kila niliporudi jioni nilikuta sufuria niliyoiacha asubuhi imepungua au imekwisha kabisa, nikamshukuru Mungu kwamba nyumba yangu inashiba.

Kumbe aliyekuwa anashiba ni binti yangu. Anatoka shule, bibi yake anampakulia, anamwongeza, anamwongeza tena, na mtoto wa watu anakula huku anatazama simu. Sare ya shule ilianza kumbana. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, waliosema walisema kweli. Hakuuliza kwa nini Gogo hali naye.

Mama alikonda. Mkono wangu ulijua kabla ya kichwa changu. Aliniomba nimpunguzie blauzi yake ya kitenge, nikampunguzia. Baada ya muda akaniomba tena. Nilimsimamisha mbele yangu na pini mdomoni, nikashika kitambaa ubavuni mwake, na kilichobaki mkononi mwangu kilikuwa kingi mno. Sikukata. Fundi mwenye akili hakati, anakunja kilichozidi na kukiacha ndani ya mshono, maana mwili wa mtu huenda na kurudi. Lakini nilipokuwa nakunja nilikuwa naogopa. Nilimwona bibi yangu akikonda hivyo kabla hajafa.

Nilimpeleka kliniki. Tulipanga foleni toka asubuhi, tukaambiwa damu ni nzuri, kifua ni kizuri, sukari hana. Nesi akamuuliza kwa Kiingereza kama anakula vizuri, nikatafsiri, na mama akajibu kwamba anakula, tena sana. Kila jioni alikula na sisi kidogo, mume wangu akiwa ameshatoka: vitonge vichache vya ugali, mboga ya kulamba kidole, halafu anasogeza sahani na kusema ameshiba, alikula mchana. Ugali wa usiku unamlalia tumboni, alisema. Niliamini. Mtu aliyechoka anaamini chochote kitakachomruhusu kwenda kulala.

Ndipo ikaja likizo ya shule, na binti yangu akashinda nyumbani na bibi yake na zile filamu zake.

Nimesema sizipendi, lakini si kweli kabisa. Ukizitazama nyingi unaona jambo. Chombo chenyewe ni chuma na nyaya, nje hakuna hewa, hakuna udongo, hakuna jirani wa kuazima chumvi. Watu wenyewe huwajui nani ni nani, wote wamevaa suruali moja. Ni pale wanapokaa kula ndipo unajua. Unamwona mkubwa anakaa wapi, fundi wa mitambo anakaa wapi, nani anaongea na nani hasemi, nani anamsogezea mwenzake kikombe bila kuombwa. Kuna zile nyingine za dunia iliyokwisha kuungua, waliobaki ni wawili watatu, wanakuta kopo moja la maharage kwenye vifusi, na kijiko kinazunguka. Hapo hata mimi huacha kulalamika. Na akija mgeni kutoka nyota nyingine, kitu cha kwanza wanamkalisha mezani, na wote wanaacha vijiko hewani wanangoja waone kama atakula. Akila, wanapumua. Hilo nalijua vizuri. Siku yangu ya kwanza dukani Fordsburg, wenzangu walinisogezea sambusa na kunitazama hivyo hivyo.

Mama yangu naye, kumbe, alikuwa anazitazama kwa makini. Kiingereza hajui, hivyo ya mizinga na hesabu za nyota alikuwa anayapita tu, anachambua maharage. Wakianza kula, anaacha maharage, anasogea. Binti yangu aligundua, akawa anamtafutia sehemu hizo makusudi, anarudisha nyuma, na kumtafsiria kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza.

Jioni moja narudi, nimeweka mfuko chini, nafunua sufuria. Binti yangu ananisimulia huku anacheka jinsi Gogo alivyomuuliza swali. Alikuwa amemwonyesha chombo kizima, toka mbele mpaka nyuma: hapa wanalala, hapa wanaendesha, hapa wanakula, hakuna mahali pengine. Na Gogo akauliza, na binti yangu akaniigizia sauti yake vizuri kabisa.

"Na kama mutu anabeba mama mukwe mu ile chombo, mama mukwe atakulia wapi?"

Binti yangu aliona ni kichekesho kikubwa. Mimi nilisimama na mfuniko mkononi. Nilimtazama mama, naye akainama kwenye maharage yake. Nikaitazama ile sufuria, nikalitazama lile pazia langu zuri la bitana mbili.

Nilimtuma mtoto spaza, kiduka cha mtaani, akanunue mkate, kisha nikakaa karibu na mama na kumuuliza mchana anakula nini. Alizungukazunguka, akaniuliza habari za kazini. Nikamuuliza tena. Mwishowe akasema anakunywa chai, mume wangu akiwa bafuni. Nilimwambia pazia lipo, tena zito, mkwe wake amelala, haoni kitu. Mama alinitazama kwa huruma, kama anamtazama mtoto aliyevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia.

"Macho iko na rido," alisema, na rido ndiyo pazia kwa Kiswahili chetu. "Sikio haina."

Basi alikuwa hali. Mwaka mzima karibu, toka mkwe wake anaporudi asubuhi mpaka anapotoka jioni, mama yangu alikuwa anafunga kama wenzangu wa Fordsburg mwezi wa Ramadhani, ila yeye bila futari ya maana na bila Idi. Jumapili, mume wangu akiwa nyumbani siku nzima, hakula kabisa, akisema ameshiba, nami nikisinzia. Kusikika anatafuna, sahani ikigonga, koo likimeza, mkwe yuko nyuma ya kitambaa! Afadhali njaa.

Nilikasirika. Nilimwambia heshima si utumwa. Akanijibu kwamba nimekaa mji huu mpaka nimesahau nilikotoka. Nikamwambia nilikotoka nakumbuka sana, ndiyo maana sitaki kumzika huku. Hapo nikajuta kwa kulisema, lakini nilikuwa nimeshalisema.

Jumapili nilimgeukia mume wangu. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda anafunga kamba za viatu, nikamwuliza kwa kunong'ona kama alikuwa anajua. Hakujua. Ila alipokuwa anajibu nilimwangalia vizuri, mashavu yake, shingo yake ndani ya kola, nikamuuliza yeye mwenyewe anakula wapi. Akaangalia chini. Alikuwa anakula kibandani kwake getini, mkate na soda, kabla ya kutoka zamu, ili asije akasikika anakula nyumbani mama akiwepo. Kwa hiyo sufuria yangu ya asubuhi, niliyoipika nusu usingizi, ilikuwa inapikwa kwa ajili ya watu wawili wazima wanaoheshimiana mpaka kufa, na inaliwa na mwanafunzi mmoja.

Nilicheka. Ilikuwa ni kucheka au kuvunja kitu.

Nikamwambia basi tutoe haya, tumalize. Tukampigia mjomba wangu, ndiye mzee aliyebaki upande wetu. Simu ilikatika mara kadhaa kabla hatujasikilizana. Alifurahi kusikia sauti zetu. Alituambia nani amekimbilia Burundi, nani yuko kambini, nani hajulikani. Kuhusu haya alisema ni jambo jema, lakini halifanyiki kwa simu. Shangazi wa kupokea nyama yuko wapi? Wazee wa upande wa mume wako wapi? Na ng'ambo hiyo, aliuliza, mbuzi mtamchinjia wapi, barabarani? Alisema tungoje amani irudi. Nilishukuru, nikakata, nikakaa na simu mapajani. Amani nimeingoja tangu nikiwa na umri wa binti yangu.

Mume wangu naye alikuwa ameisikia hukumu.  Alirudi nyuma ya pazia akalala, na mama upande wake akajifanya hakusikia kitu, ingawa simu ilikuwa kwenye spika.

Wiki zile zilikuwa ngumu. Nilijaribu kumpeleka mama kwa jirani akale huko, akakataa, atasemaje kwa jirani. Nilijaribu kumwachia chakula kwenye benchi la uani, lakini ilikuwa ni baridi ya Juni, ile inayopita kwenye mifupa, na mwenye nyumba anapita pale na mbwa wake. Niliongea na mchungaji, akasema Biblia haina mama mkwe anayekataa kula. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba niliposhona pindo la pazia la mteja nilikuta nimeshona na mkono wa sweta yangu.

Jumapili moja binti yangu aliweka filamu nyingine. Tulikuwa watatu kwenye kochi, mume wangu yuko chumbani kwake, kimya. Katika chombo hicho kulikuwa na watu kama saba hivi mezani, na mmoja wao, mwanamume wa makamo mwenye nywele zilizochanwa vizuri, alikuwa amekaa na wenzake ila mbele yake hapakuwa na sahani. Mikono ameiweka kwenye magoti. Wenzake wanakula mpaka mchuzi unawadondoka, yeye anawatazama kwa upole, anajibu akiulizwa. Mama akanyoosha kidole.

"Ule mwenye anakaa bila kula, ni nani?"

Binti yangu akamwambia ni robot. Mama akashangaa, maana katika mji huu robot ni zile taa za njia panda, na neno hilo ndilo la kwanza alilojifunza alipofika. Basi binti yangu akajitahidi, akamwambia ni mashine, Gogo, mashine yenye sura ya mtu. Haina tumbo. Mama akauliza sasa inakaa mezani kufanya nini. Binti yangu akafikiri. Akasema, kwa Kiswahili, jambo ambalo sikujua kwamba anaweza kulisema: inakaa kwa sababu ni mtu wa nyumba hiyo, na wote wakikaa na yeye akisimama mlangoni, chakula hakitapita kooni.

Mama akauliza kama wale wengine hawaoni haya kutafuna mbele yake. Binti yangu akasema hapana, watamwonea haya vipi, ni mashine. Mama akasema "ehe," akarudi kwenye kuchambua mboga, na filamu ikaendelea na mambo yake ya kulipuka.

Jumapili iliyofuata nilipika sombe, yaani majani ya muhogo, kwa mawese na ndagala, na ugali wa muhogo ambao unga wake niliutafuta mpaka Rosettenville. Niliweka mezani nikijua nani atakula na nani hatakula. Mama alikaa mahali pake pa kawaida, mikono kwenye mapaja, tayari kusema ameshiba.

Pazia likafunguka. Mume wangu akatoka. Alikuwa amevaa sare yake ya ulinzi, ingawa ilikuwa siku yake ya mapumziko, imepigwa pasi, vifungo mpaka juu, nywele amezichana na maji. Alivuta kiti cha mwisho wa meza, akakaa wima, mikono akaiweka kwenye magoti, na macho akayakaza kwenye kalenda ya kanisa ukutani. Binti yangu aliacha mdomo wazi. Mama aligeuza uso kwenye dirisha na kuanza kuinuka.

"Mama, mukule," mume wangu aliiambia kalenda. "Miye niko mashine."

Nilidhani mama atatoka nje. Alibaki nusu ameinuka, mkono kwenye meza. Binti yangu ndiye aliyeanza, ule mcheko wa puani anaouzuia kanisani, na mabega ya mama yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, uso bado dirishani, mpaka akajifuta macho na ncha ya kitenge. Mume wangu hakutikisika hata ukope. Mlinzi ni mlinzi, kazi yake ni kukaa bila kutikisika.

Mama akakaa. Akavuta sahani. Akala mchana, Jumapili, mkwe wake akiwa mezani, na nilimsikia akitafuna na wala sijawahi kusikia sauti nzuri kama hiyo, na ninasema hivyo bila kuona haya.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Siku za kazi, alipotoka zamu na kuoga, mume wangu alipita jikoni akiangalia chini na kusema mashine inazimwa. Maana yake ni kwamba anakwenda kulala na hatasikia kitu. Kama alikuwa analala kweli au alikuwa anajilaza tu na mto masikioni, mimi sijui. Mama alisikia hivyo, akawasha jiko. Jumapili mume wangu alikaa nasi, bila sahani, wima, akiulizwa anajibu. Yeye mwenyewe aliendelea na mkate wake wa kibandani na kile nilichomfungia kwenye kopo la plastiki.  Nilikuwa nimepata mmoja, sikutaka kumpoteza kwa kudai wote wawili.

Mishono ya ile blauzi niliifumua kidogo kidogo. Kitambaa kilikuwa kimengoja ndani, rangi yake bado mbichi kuliko ya nje, hivyo mama ana mistari miwili inayong'aa ubavuni. Nilitaka kumshonea mpya, akakataa.

Halafu mwezi uliopita mwenzake mume wangu aliugua, na hapakuwa na wa kushika zamu yake. Mume wangu alishika ya usiku, akaunganisha na ya mchana, akaunganisha na usiku mwingine. Alifika Jumapili chakula kikiwa kinapakuliwa. Nilimwambia akalale. Akatikisa kichwa, akanawa uso, akafunga kifungo cha juu, akakaa kwenye kiti chake mwisho wa meza, mikono magotini.

Mama alimega ugali. Binti yangu alikuwa anasimulia habari za mitihani. Nilipoangalia, macho ya mume wangu yalikuwa yamefumba. Mgongo umenyooka bado, mikono iko mahali pake, lakini kichwa kilikuwa kinashuka, kinashtuka na kupanda, kinashuka tena. 

Mama yangu alimtazama. Alimtazama usoni, waziwazi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya tangu ashuke kwenye lile basi. Alimtazama muda mrefu. Kisha akachukua sahani safi, akamega ugali mkubwa, akaweka sombe juu, akachagua ndagala wazuri na kuwapanga pembeni kama unavyompangia mtoto, akaisukuma sahani mezani mpaka ikamgusa kifuani. Mume wangu akashtuka.

"Mashine nayo inachokaka," mama alisema. "Kula, mutoto wangu."

Hakukuwa na mbuzi, hakukuwa na shangazi, mjomba hakuwepo kwenye simu. Mume wangu aliiangalia ile sahani, midomo ikamcheza. Mlinzi mzima. Halafu akageuza kiti chake, polepole, akaelekeza uso ukutani, na akala. Mama naye akageuza kiti chake upande wa dirisha, akaendelea na chake. Walikula hivyo meza moja, wamepeana migongo, wote wawili wanasikika.

Mimi na binti yangu tulikuwa katikati, tunapitisha bakuli la sombe huku na huku, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kugeuka kulichukua.